Kucheka na Mtu si Kumcheka Mtu

Katika maongezi ya watu, mzaha ni kama chumvi. Chakula kisicho na chumvi hakiliki. Na chakula chenye chumvi nyingi hutupwa nje. Nyumba ambamo hakuna anayethubutu kuchekesha ni nyumba ya huzuni, hata kama wote wana adabu. Lakini kijiji ambamo kila mtu hutafuta cheko juu ya mgongo wa jirani yake, kijiji kile hakina amani. Wazee walisema: Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Walisema pia: Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hata hivyo hawakutukataza kucheka. Walitaka tu tujue tunakanyaga wapi.

Basi, wasomaji wapenzi, tuulizane: Mzaha upi unajenga, upi unabomoa? Nani mwenye haki ya kuamua, yule aliyesema neno au yule aliyelisikia? Na mtu akisema «nimeumia», tumjibu nini?

Ili tusiseme maneno matupu, tumechagua kitabu kimoja ambacho kinatuhusu sisi Wakongomani kuliko watu wengine wote. Ni kitabu cha picha kwa watoto, kilichochorwa ili kuchekesha. Kinaitwa Tintin au Congo. Kwa miaka zaidi ya 90 watu wanakicheka, na kwa miaka mingi wengine wanakilalamikia. Tukipime bila hasira na bila kujipendekeza.

Kitabu chenyewe

Mchoraji wake aliitwa Georges Remi, lakini dunia nzima yamjua kwa jina la Hergé. Alizaliwa mwaka 1907, akafa mwaka 1983. Mwaka 1930, akiwa bado kijana, alifanya kazi katika gazeti la Kikatoliki la Bruxelles, Le Vingtième Siècle, lililokuwa na nyongeza ya watoto kila juma. Mkuu wa gazeti hilo, Padri Norbert Wallez, alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao. Hergé mwenyewe alitamani kumpeleka shujaa wake Marekani. Akaagizwa Kongo kwanza. Hadithi ikatoka kidogo kidogo, toka Juni 1930 hata Juni 1931. Hergé hakuwa ameiona Kongo alipoichora, wala hakuja kuiona baadaye. Aliyoyajua aliyapata katika magazeti, katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, na katika hadithi za waliorudi huko.

Na mle ndani mna nini? Motokari ya Tintin yagongana na gari la moshi, na gari la moshi ndilo linaloanguka. Watu weusi waliokuwamo wasitasita kuliinua, na mbwa wa Tintin, Milou, awakemea kwa uvivu wao. Watu wawili wapigania kofia moja ya majani. Tintin aikata vipande viwili, kila mmoja aondoka na nusu ya kofia, naye asifiwa kwa haki yake. Makabila mawili yamepewa majina ya kuchezea Kifaransa: moja lasikika kama keki iliyoloweshwa pombe, la pili kama jina la mtu mwenye majivuno. Mwishoni kabisa twaona sanamu za Tintin na mbwa wake, na mtu anasujudu mbele yake.

Tusifiche lililo jema. Mkono wa mchoraji ni mwepesi, matukio yakimbia, mtoto hawezi kulala kabla ya kufika mwisho. Wabaya wakubwa wa hadithi ni Wazungu, wanyang'anyi walioifuata almasi yetu. Tintin mwenyewe huchekwa pia: apiga bunduki mara nyingi akidhani amemkosa swala mmoja, kumbe ameua kundi zima. Asiyecheka hapo ana jino linalomuuma.

Lakini tuangalie jambo moja dogo, ambalo kwetu ni kubwa kuliko midomo minene na macho ya mviringo. Katika kitabu hiki watu weusi wote husema Kifaransa kilichovunjika. Husema hivyo kwa Tintin, na hilo lingeweza kueleweka, maana mgeni wa lugha hujikwaa. Lakini husema hivyo hata wao kwa wao! Nani amewahi kumwona mtu anayevunjavunja lugha akiongea na mke wake au na mtoto wake? Na kati yao wote, anayesema Kifaransa safi bila kosa ni nani? Ni Milou, yaani mbwa. Hapo ndipo kicheko cha kitabu kimefunua moyo wake. Mchoraji hakukusudia kutuweka chini ya mbwa; hakufikiri hata kidogo, na ndilo kosa lenyewe. Mtu akikutukana kwa kusudi, walau amekutazama usoni. Huyu hakututazama.

Picha iliyobadilishwa

Mwaka 1946 kitabu kilichorwa upya kwa rangi, kikafupishwa. Katika chapa ya kwanza, Tintin aingia katika darasa la misioni kumsaidia padri, na kuwafundisha watoto habari za nchi yao ya baba, yaani Ubelgiji. Baada ya vita, maneno hayo hayakufaa tena. Yakaondolewa. Mahali pake Tintin aandika hesabu ubaoni: mbili na mbili ni ngapi? Darasa zima lanyamaza. Hakuna anayejibu.

Tufikiri vema. Waliotengeneza picha hiyo walidhani wameondoa ubaya. Waliondoa siasa, ni kweli. Lakini zamani mtoto aliambiwa uwongo juu ya nchi yake. Sasa aonyeshwa kuwa mjinga asiyeweza kujumlisha mbili na mbili. Uwongo ule ulikuwa aibu ya mwalimu. Mzaha huu ni aibu ya mtoto. Sisi tuliosomea shule za misioni, na wazazi wetu waliozipitia wakichapwa vidole kwa ajili ya hesabu, twajua kama darasa lile lilinyamaza kweli.

Ndiyo maana twasema: haitoshi kufuta neno moja linalosikika vibaya, mzizi ukabaki. Kuna watu ambao wakikatazwa neno hutafuta jingine lenye adabu, na dharau ikabaki palepale, imevaa nguo safi.

Shauri la Bruxelles

Mwaka 2007 Mkongomani mmoja aliyekaa Ubelgiji kwa masomo, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka malalamiko mbele ya hakimu. Alitaka kitabu kisiuzwe, au walau kitiwe onyo kwa wasomaji. Mwaka huohuo, katika Uingereza, tume ya serikali iliyoshughulikia usawa wa watu wa rangi zote ilisema kitabu hakifai madukani, na maduka mengine yakakiondoa katika rafu za watoto na kukiweka katika rafu za watu wazima. Shauri la Bruxelles lilienda polepole. Februari 2012 tribinali ilikataa ombi la Mbutu Mondondo, na mwisho wa mwaka huo korti ya rufani ikakubaliana nayo. Sababu yao ilikuwa hii: sheria ya Ubelgiji juu ya ubaguzi yatafuta kusudi la mtu, na Hergé, akichora mwaka 1930 kama watu wa wakati wake walivyofikiri, hakuonekana kuwa na kusudi la kuchochea chuki.

Hatutaki kuwafundisha mahakimu kazi yao. Sheria ikianza kumfunga mtu kwa jambo asilolikusudia, hakuna atakayelala salama. Tena kitabu kikipigwa marufuku hupata wasomaji wapya, kama pombe iliyofichwa. Lakini tusichanganye mambo mawili. Hakimu hutafuta kusudi kwa sababu anataka kujua kama ampe mtu adhabu. Jirani hatafuti adhabu. Yeye hutafuta namna ya kukaa vizuri na mwenzake. Nikikukanyaga mguu gizani, hakimu atasema sina hatia. Lakini nikisema «sikukusudia», kisha nikabaki nimesimama juu ya mguu wako, mimi ni mtu gani?

Hapo ndipo maongezi mengi yanapoharibika. Aliyeumia asema: «Neno lako limenichoma.» Aliyesema ajibu: «Nilikuwa nachekesha tu.» Kila mmoja asema kweli, na hawakutani kamwe, kwa maana mmoja anasimulia moyo wake na wa pili anasimulia kidonda chake. Neno «nilikuwa nachekesha» laeleza jambo lilivyoanza. Halitoshi kulimaliza.

Wenzetu waliocheka

Sasa tusikilize upande mwingine, maana si Wakongomani wote waliokasirika. Mwisho wa mwaka 1969 gazeti moja la Kinshasa, lililoitwa Zaïre, liliandika juu ya kitabu hiki, wakati ambapo kilikuwa adimu madukani huko Ulaya. Maana ya maneno yake ni hii: Wazungu walioona haya kukichapa tena hawakuelewa jambo, Mkongomani akikisoma hucheka kweli kweli, kwa kuwa aona jinsi Mzungu alivyokuwa akituona. Yaani kicheko kimegeuka. Aliyechora ndiye aliyejichora.

Na hata siku hizi mafundi wa Kinshasa huchonga sanamu za Tintin za mti, na motokari yake, na mbwa wake, wakazipaka rangi na kuwauzia wageni. Fundi amchonga Tintin, Tintin amlisha fundi. Ni ujanja mzuri, wala hatuna neno la kuwalaumu.

Je, twaweza basi kusema kwamba wanaolalamika ni watu wa roho nyepesi, wasiojua kucheka? Tusiende haraka. Mtu mzima wa Kinshasa, katika nchi yake, kati ya watu wake, akikisoma kitabu hiki ana nguvu ya kukicheka. Lakini mfikirie mtoto mweusi aliye peke yake katika darasa la Ulaya. Wenzake wamekisoma. Wakati wa mapumziko wamwita kwa jina la mtoto wa kitabuni, nao wamsemesha kwa Kifaransa kile kilichovunjika. Yeye hana kundi la kucheka pamoja naye. Mzaha uleule ambao kwa mmoja ni mpira wa kurudisha, kwa mwingine ni jiwe. Wahenga walijua: Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu.

Padri aliyeandika barua

Sasa tunafika kwenye jambo linalotufundisha kuliko yote, nalo limetoka katika maisha ya Hergé yuleyule.

Mwaka 1934 Hergé alitangaza kwamba Tintin atakwenda China. Padri mmoja, Léon Gosset, aliyewatunza wanafunzi Wachina katika Chuo Kikuu cha Louvain, alisoma habari hiyo. Hakumtukana Hergé, wala hakungoja kitabu kitoke ili apate kulalamika. Alimwandikia mapema, akimwomba ajihadhari, maana wanafunzi wake wangeumia wakichorwa kama Wazungu walivyozoea kuwachora Wachina. Hergé alisikiliza. Akakutanishwa na kijana Zhang Chongren, aliyekuwa akijifunza sanaa Bruxelles. Wakawa marafiki, Zhang akamfundisha habari za nchi yake na namna ya kuandika maneno ya Kichina.

Kitabu kilichotoka ni Le Lotus bleu, na hata leo wengi wakihesabu kati ya vitabu vyake vilivyo bora. Mle Tintin amwokoa kijana Mchina asizame mtoni. Kijana ashangaa: alifikiri Wazungu wote ni waovu, kama wale waliowaua babu na bibi yake. Naye Tintin amweleza mambo ya kipumbavu ambayo Wazungu husadiki juu ya Wachina: kwamba wote ni wajanja na wakatili, kwamba hula mayai yaliyooza. Kijana acheka sana. Wanacheka wote wawili. Tazameni: mambo ya dharau ni yaleyale, maneno ni yaleyale, lakini sasa anayechekwa ni ujinga, si mtu. Na kitabu hakikupoteza furaha yake hata kidogo. Kinachekesha kuliko cha Kongo, kwa maana wawili huchekesha kuliko mmoja.

Wanaosema kwamba kuwafikiria wengine kunaua mzaha, wavisome vitabu hivi viwili, kimoja baada ya kingine.

Lakini tusimsifu Hergé kupita kiasi. Katika kitabu hichohicho Wajapani wamechorwa wabaya, wenye meno ya kutisha. Kwa nini? Kwa kuwa mezani pake alikaa Mchina, na hakukaa Mjapani. Alimtendea haki aliyekuwapo. Asiyekuwapo alipewa meno. Hii ndiyo sheria ya midomo ya watu tangu zamani, nasi sote twaifuata bila kujua: twamheshimu aliye karibu, twamchora aliye mbali.

Pengine mtu atasema: Mwaka 1930 Hergé angempata wapi Mkongomani wa kumwuliza? Tujibu. Huko Bruxelles, mwaka 1919, Wakongomani walikuwa wameunda chama chao, Union Congolaise, chini ya Paul Panda Farnana, aliyezaliwa mwaka 1888, akajifunza mambo ya kilimo katika Ubelgiji. Panda alisema na kuandika Kifaransa ambacho hakikuvunjika popote, akitetea shule kwa watu wake. Alirudi Kongo, akafa mwaka 1930, mwaka uleule hadithi ya Tintin ilipoanza kutoka. Basi watu walikuwapo. Hakuna aliyewauliza, na hakuna aliyeandika barua.

Anayekutania ndiye atakayekuzika

Sisi Waafrika tusijifanye kama watu tunaofundishwa mzaha leo. Wazee wetu waliuwekea sheria. Kiswahili kina neno lake: utani. Kati ya Wabemba, ukoo na ukoo hutaniana kwa ukali kabisa, kama ukoo wa Chui na ukoo wa Mbuzi. Chui amwambia Mbuzi: «Wewe ni chakula changu.» Mgeni akisikia hudhani watapigana. Hawapigani. Kila mmoja ana haki ya kujibu, na ile haki ni sawa. Na zaidi ya hayo: kukiwa na msiba, watu wa ukoo ule wa watani ndio wanaokuja kufanya kazi ya mazishi. Huko Tanzania ni vivyo hivyo, mtani ana kazi yake msibani. Anayekutania ndiye atakayekuzika. Nani atakasirikia ulimi wa mtu ambaye mikono yake itambeba?

Mtu atajibu: Hayo ni ya vijijini, mjini makabila yamechanganyika, hatujuani. Basi twende mjini. Mwaka 1951 mtaalamu mmoja, J. Clyde Mitchell, aliwatazama wafanyakazi wa migodi ya Luanshya, karibu na mpaka wetu wa Katanga. Kitabu chake, The Kalela Dance, kilitoka mwaka 1956. Siku za Jumapili vijana, wengi wao Wabisa, walicheza ngoma ya kalela, wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Katika nyimbo zao waliwacheka watu wa makabila mengine kwa lugha zao na desturi zao. Na wale waliochekwa walikuwa wapi? Walikuwa palepale, wamesimama pembeni wakitazama, nao wakacheka. Mitchell alieleza kwamba utani wa zamani wa koo ulikuwa umepanuka, ukawa wa makabila, ukiwasaidia wageni kukaa pamoja katika mji mmoja.

Angalieni tofauti na kitabu cha Hergé. Mchezaji wa kalela aliimba mbele ya yule anayemcheka. Kesho yake asubuhi wangeshuka shimoni pamoja, na uhai wa mmoja ungekuwa mikononi mwa mwenzake. Wimbo ukizidi kipimo, angejua siku ileile.

Mzaha uliokuwa sumu

Lakini hata utani wa makabila unaweza kuoza, nasi twajua kwa machozi. Katika Katanga, miaka ya 1992 na 1993, watu waliotoka Kasai, ambao wengi wao walizaliwa palepale, waliitwa bilulu, yaani wadudu. Tunawauliza mliokuwako: neno lile lilianza kama nini? Maneno ya namna hiyo hupita kwanza yamevaa kicheko, katika pombe na sokoni. Asiyecheka huambiwa hana ucheshi. Na wakati ulipofika, maelfu na maelfu ya watu walifukuzwa katika nyumba zao, wakalala katika stesheni za treni wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, na wengi wakafa.

Katika Rwanda, redio RTLM ilianza kusikika Julai 1993. Watu waliipenda kwa muziki wake na kwa watangazaji wake waliojua kuchekesha. Katika mizaha ile Watutsi waliitwa mende. Mwaka 1994 kicheko kikageuka kuwa panga. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu wawili wa redio ile.

Hatusemi kwamba kila anayemcheka jirani atamwua. Twasema kuna mahali ambapo mzaha huacha kuwa mzaha, na mahali pale pana alama. Tukimcheka mtu kwa alilofanya, kama kuvaa kofia kubwa kupita kichwa, au kuhubiri harusini mpaka chakula kipoe, yeye abaki mtu, na kesho aweza kubadilika. Tukimwita mdudu, hawezi kubadilika. Mdudu hukanyagwa tu. Anayekutania hukuambia: Wewe ni mtu wa ajabu. Anayekuita mdudu hukuambia: Wewe si mtu.

Wenye ngozi nyepesi

Sasa tuseme neno kwa upande wa pili, tusije tukawa kama hakimu aliyesikiliza shahidi mmoja. Wako watu wanaotafuta tusi kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani, na wasipoliona hulitengeneza. Ukisalimu, wauliza kwa nini umesalimu hivyo. Ukinyamaza, wasema umewadharau. Wengine huwacheka watu wote, lakini wao wakiguswa kidogo hupanda juu kama maziwa motoni. Watu hawa huwaumiza wengi bila kujua, kwa maana wanapolia kila siku, siku aliyeumia kweli atakapolia hakuna atakayegeuka.

Afadhali kuuliza kabla ya kukasirika: «Ndugu, neno lile ulikuwa na maana gani?» Mara nyingi swali hilo moja latosha. Asiye na ubaya atajieleza na kuomba radhi. Mwenye ubaya ataona haya, maana ataona hawezi kuieleza dharau yake mchana kweupe. Tena wapo wanaojua kujibu mzaha kwa mzaha, kama lile gazeti la Kinshasa na wale mafundi wa kuchonga. Hiyo ni zawadi. Lakini tusimlazimishe aliyeumia awe mcheshi. Wengine wamepigwa mahali palepale mara nyingi mno.

Maswali manne

Tukikusanya yote tuliyoyaona, twapata maswali manne ya kujiuliza kabla ya kufungua kinywa, iwe katika jumuiya, au katika familia, au kazini.

La kwanza: Je, tungesema neno hili kama angekuwa amekaa hapa? Wale wa kalela waliimba mbele ya watu. Hergé alichora watu wa mbali. Sisi wa Kivu na wa Ituri tujiulize hasa juu ya Wambuti: ni mizaha mingapi twaisema juu yao, na mingapi tungeithubutu mbele ya macho yao?

La pili: Je, aweza kutujibu bila hofu? Bwana mkubwa akimtania mtumishi, na mtumishi akatabasamu, tusidhani amefurahi. Pengine analinda kazi yake. Kama mzaha hauwezi kurudi, si mpira.

La tatu: Twacheka alilolitenda, au twacheka alivyozaliwa?

La nne ndilo zito kuliko yote: Akitwambia kwamba ameumia, tutafanya nini? Mizaha yote haiwezi kupimwa kabla. Ulimi hauna mfupa, na hata mwenye busara hukosa. Kwa hiyo mtu hujulikana kwa linalofuata. Hergé mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alikiri kwamba alikichora kitabu cha Kongo kwa mawazo yaliyokuwa yamejaa katika watu wa mazingira yake. Alifanya vema kukiri. Lakini Wachina walipata zaidi ya kukiri: walipata kitabu kipya.

Basi, wasomaji wetu, tusiogope kucheka, na tusiwafundishe watoto wetu kuogopa. Vitabu kama hivi tusivifiche chini ya kitanda. Tuvisome pamoja na watoto, tukiwauliza: Hapa nani anachekwa? Yuko wapi? Angesema nini? Mtoto anayeweza kujibu maswali hayo atacheka maisha yake yote bila kumwumiza mtu kwa kusudi. Na mkisikia kwamba mtu anataka kuchora, kuandika au kuimba juu ya watu wasiokuwapo, msingoje mpaka neno litoke. Mwandikieni barua mapema, kwa upole, kama Padri Gosset. Karatasi moja iliyoandikwa kwa wakati wake ilifanya kazi ambayo tribinali mbili, baada ya miaka 80, hazikuweza kuifanya.